Diski Namba Mbili

Wauguzi walimwita Mama Waya. Alikuwa daktari wa wagonjwa wasiolalamika: kompyuta zote za hospitali. Asubuhi hiyo, kasha la diski nne linalotunza picha za wagonjwa liliwasha taa nyekundu. Hakushtuka. Kasha lile liliundwa kiukoo: akifa mmoja, watatu waliobaki huyakumbuka yote aliyoyajua marehemu. Wakifa wawili, ukoo mzima haujui lolote.

Kompyuta ikasema diski namba mbili imekufa. Akachomoa yenye kibandiko cha mbili, alichokibandika kwa mkono wake mwenyewe.

Picha zote zikatoweka.

Jasho lilimtoka mpaka kwenye kucha. Kompyuta, kwa maringo yake, huanza kuhesabu na sifuri. Yeye, kama alivyofunzwa na mamake, alikuwa ameanza na moja. Maiti ilibaki ndani ya kasha, na mkononi alishika mzima.

Simu ikalia. Daktari wa upasuaji.

"Sioni picha za tumbo la huyu mama."

"Mama yupi?"

"Mkweo. Yupo hapa kitandani, anatusimulia unavyounguza hata maji."

Akairudisha diski upesi. Kasha likauliza: lifute yote lianze upya? Mkuu wa hospitali, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akasema, "Bonyeza ndiyo, mama. Mbona swali jepesi?"

"Mkuu, nikibonyeza hapo tumewazika wote."

Akaandika amri nyingine: ziunganishwe tatu zilizo hai kama zilivyokuwa, zisomwe tu, pasiandikwe kitu juu yake. Akaipitia herufi kwa herufi, akihesabu kuanzia sifuri. Akikosea tena, hakuna wa kumkumbuka mgonjwa yeyote.

"Wewe," ikaja sauti ya mama mkwe kwenye simu. "Umeharibu nini tena?"

Alitaka kudanganya. Ulimi ukakataa. "Nimechomoa diski nzima, mama, nikaacha mbovu. Usikate simu."

"Nikate niende wapi? Nimelazwa."

Akafumba macho, akabonyeza. Kasha likakoroma, likanyamaza, likakoroma tena.

"Haya, nayaona mawe ya nyongo," daktari akasema.

"Ni yangu hayo?" mama mkwe akauliza.

"Jina ni lako, mama."

Mama Waya alikuwa ameshakaa sakafuni, amelikumbatia kasha kama mtoto mwenye homa.

"Mwambieni nikizinduka aje kuniona," mama mkwe akasema. "Ila asichomoe kitu."