Mtu Aliyepita Kwenye Sayari Tupu

Harufu ya sinema, kwangu mimi, ni petroli ya jenereta iliyochanganyika na sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliokauka juani. Ukumbi wa Papa Shabani ulikuwa Birere, mtaa wetu wa sokoni, nyuma ya akina mama wauza samaki, na kuta zake zilikuwa mbao zilizopakwa lami ili zisiozeshwe na mvua, kwa hiyo jua likiwaka tulivuta lami, samaki na jasho la wenzetu kwa mkupuo mmoja. Nikisema ukumbi naupa heshima tu. Kilikuwa kibanda chenye mabenchi, televisheni moja iliyofungwa kwa mnyororo kama mbuzi mkorofi, na mashine ya kanda ambayo Papa Shabani aliifunika kwa kitenge cha mkewe kila ilipomaliza kazi. Alikuwa mzee wa watu wa Maniema, mwenye kofia ya kufuma na sauti nzuri ya kuadhini, ila msikitini hawakumpa nafasi ya kuadhini kwa sababu ya hizo sinema zake. Sauti waliyoikataa wao tuliifaidi sisi watoto, kila alasiri baada ya shule.

Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa sinema ya zamani ya vipande vingi, ya watu wanaozunguka angani ndani ya chombo wakitafuta sayari ya kuishi baada ya kuiharibu ya kwao. Jina lake halisi halikutuhusu. Tuliiita Watu wa Juu. Najua kwa wengi majina ya mwanzo wa sinema ni muda wa kutafuta kiti na kununua karanga. Kwetu mwanzo ndio uliokuwa sinema yenyewe. Ngoma nzito ililia, ikatokea nchi nyeusi ya mawe yanayofuka moshi, bila mti wala jani, na juu ya mawe yale herufi za njano zikaanza kupanda polepole, majina ya Wazungu walioigiza na waliopiga picha. Papa Shabani hakuweza kuyasoma, wala hakuona kwa nini ayasome. Kila jina lilipopanda, yeye alitangaza jina la mtu aliyekaa ukumbini. "Kambale, mutoto ya dereva! Mama Riziki wa makala ya jikoni! Furaha, na ule ndugu yake mwenye makelele!" Aliyetajwa alirukaruka kama aliyepewa ng'ombe, na aliyesahauliwa alinuna hadi kesho yake. Hivyo ndivyo nilivyokua nikijua kwamba majina ya mwanzo ni majina ya waliokuwepo. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba wenye sinema nao wanajua hivyo.

Maana baba yangu alikuwepo, na sisemi kwa mafumbo. Aliitwa Amisi. Kabla hajawa mfanyabiashara wa maharagwe alikuwa mpagazi wa wageni waliopanda volkano. Miaka mingi kabla sijazaliwa, mlima ulipokuwa umetema moto na mawe bado ya moto, walikuja Wazungu wenye kamera kutafuta mahali pa kupigia picha ya sayari isiyo na watu. Wakapapata kwetu. Yaani walifika nchi ambayo huwezi kukaa kichakani dakika moja bila mtu kukusalimia, wakatazama mawe, wakasema hapa hapana mtu. Masanduku yao walibebewa na nani mpaka pale? Maji ya kunywa waliletewa na nani? Baba alimsimulia mama kwamba siku moja, akiwa na sanduku lao kichwani, alikatiza mbele ya kamera yao, nao wakampigia kelele na kumpungia mikono atoke. Akageuka, akawatazama, akafuta jasho, akaendelea na njia yake. Kwetu mwenye mzigo ndiye anayepishwa, hata chifu humpisha, na baba hakuona kwa nini kamera isimpishe. Alicheka kila alipoisimulia habari hiyo. Hakuwahi kujua kama picha ile ilitumika au ilitupwa.

Vita vya kwanza vilipotufikia, baba alipanda lori la maharagwe kwenda Bunagana, mpakani, akasema Ijumaa atakuwa amerudi kwa sala. Lori lilikutwa njiani, tupu. Yeye hakukutwa popote, wala hatukuletewa maiti, kwa hiyo hatukuzika na hatukumaliza matanga kama watu wengine. Nilikuwa mdogo sana, uso wake siukumbuki. Nilipojaribu kuukumbuka ilinijia picha ya harusi iliyotundikwa ukutani kwetu, baba na mama wamekaa wima, wakiogopa kucheka.

Aliyemgundua kwenye sinema ni mama. Alikuja siku moja kunitoa ukumbini, beseni la sambaza kichwani na fimbo mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeacha vyombo havijaoshwa. Alinikuta mwanzoni kabisa, herufi za njano zinapanda. Pembeni mwa picha akatokea mtu aliyebeba sanduku kichwani, mkono wa kushoto kaurudisha nyuma kiunoni, akageuka, akafuta uso kwa kigasha, akaingia kwenye moshi. Wote tulikuwa tumemwona mara nyingi na tulidhani ni kiumbe wa sayari ile. Fimbo ikamwanguka mama. "Shabani, rudisha," alisema. "Ule njo Amisi. Ule njo bwana yangu." Papa Shabani akarudisha kanda, akasogeza pua mpaka karibu na kioo, kisha akavua kofia. Alimjua baba tangu ujana wao, na namna ile ya kuweka mkono kiunoni Birere nzima ilikuwa ya mtu mmoja.

Tangu siku hiyo sinema haikuanza mpaka mama afike. Watoto walinung'unika, Papa Shabani akawaambia, "Mungojee mama ya Zaina, bwana yake iko njiani." Zaina ni mimi. Mama alisimama mlangoni na beseni lake, hakukubali kukaa hata siku moja. Ngoma ililia, majina yetu yakatangazwa, na baba alipotokea Papa Shabani aliinua sauti ile ya mnarani: "Amisi, papa ya Zaina!" Ukumbi wote ukasimama, kama tunavyosimama barabarani maiti ya mtu ikipitishwa, na watoto wakaitikia kwa pamoja, "Jambo, Papa Amisi!" Alipoingia kwenye moshi mama alisema, "Haya, safari njema," akarudi kwa samaki wake. Hakutazama zaidi ya hapo. Mpaka leo hajui kama wale watu wa chombo walipata sayari, na hajawahi kuniuliza.

Kisha mlima ukapasuka. Moto ulishuka kama uji unaomwagika chunguni, ukapita katikati ya mji, nasi tukakimbia njia ya Sake pamoja na mji mzima, mimi na sufuria, mama na godoro. Tulipofika penye ziwa dogo la Lac Vert akakumbuka picha ya harusi. Akatupa godoro akitaka kurudi, na majirani wakamshika kitenge, akawatukana kwa matusi ambayo sikujua kama anayajua. Kesho yake, uwanjani pa shule ya Sake tulipolala, tulimwona Papa Shabani anakuja akisukuma chukudu, lile baiskeli letu la mbao, na juu yake kafunga televisheni, mashine na jenereta. Mkewe alimfuata nyuma na bonge la nguo, akimlaani mbele za watu kwa kuacha kitanda cha mahari yake kiungue na kuokoa masinema. Papa Shabani alifuta jasho. "Kitanda iko inauzwa sokoni," alimjibu. "Amisi anauzwa wapi?" Mama alikuwa anasikia. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akalia kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Tuliporudi nyumba yetu haikuwepo. Lilikuwepo jiwe la moto ulioganda, na chini ya jiwe ukuta, na ukutani picha. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, nikaokota mawe nikalipiga lile jiwe mpaka mkono ukavimba. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, lakini Papa Shabani hakungoja msaada wa mtu. Aliokota mbao, akasimamisha kibanda juu ya mawe ambayo bado yalipasha moto kandambili zetu, akawasha jenereta. Siku ya kwanza ile, nchi nyeusi iliyokuwa kwenye kioo na nchi nyeusi iliyokuwa mlangoni zilikuwa moja. Ndiyo sayari yao isiyo na watu, nasi tulijaa juu yake hadi wengine wakachungulia kwenye nyufa. Mama alisimama mlangoni. Beseni lilikuwa la kuazima. Baba akapita, sura yake pekee iliyotubakia, tukamsimamia na kumwamkia kwa sauti ambayo nadhani ilivuka mpaka wa nchi.

Furaha hiyo haikumaliza kiangazi. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na mkubwa wao mmoja alitamani televisheni. Askari walikuja mchana, wakakata mnyororo, wakabeba na mashine, na kanda ilikuwa ndani yake. Papa Shabani hakulilia televisheni. Aliwaomba kanda tu, akiwa amekunja mikono kama mtoto. Askari akabonyeza kidude kimoja, akabonyeza cha pili, akasema haitoki, akapanda gari. Mama alilikimbilia gari lile mpaka njia panda, samaki wakimwagika. Wewe uliyesoma habari za vita vyetu, umesoma habari za migodi na mipaka. Hiyo ya kanda hukuisoma, kwa sababu asiyekuwepo na lake halipo.

Papa Shabani amekwisha kufa. Mimi nimeitafuta sinema ile utu uzima wangu wote, na mwaka huu, chini ya waasi wengine, kijana wa Birere anayewajazia watu sinema kwenye flashi alinipigia simu. "Mama, nimeipata ile yenu. Tena iko mpya, bameisafisha." Niliitazama kwanza peke yangu, dukani kwake. Ni kweli wameisafisha. Mawe yanang'aa. Ngoma wameiondoa wakaweka vinanda. Herufi za njano zimekuwa nyeupe, nyembamba, za kiungwana, na zinapanda, na moshi unafuka, na pale pembeni alipokuwa akitokea mtu wameongeza mawe. Nikarudisha. Mawe. Nikarudisha tena mpaka kijana akaniuliza kama naumwa.

Mwishoni mwa flashi kulikuwa na mazungumzo ya wale waliofanya kazi hiyo. Mmoja, kijana mwenye meno mazuri, anaeleza kwa Kifaransa kwamba miaka yote kulikuwa na kosa moja lililowaudhi wapenzi wa sinema hii: mtu anakatiza kwenye sayari isiyo na watu. Sasa, anasema, hatimaye tumemtoa. Wenzake wanacheka na kumpongeza. Kosa! Baba yangu ndiye kosa. Mlima wetu si kosa, moshi wetu si kosa, hivyo wamevipaka rangi na kuviuza upya. Kosa ni yule aliyewapandishia masanduku. Walimwambia atoke akiwa hai, akakataa. Wakamngoja awe hana wa kumsemea, wakamtoa. Nimewachukia waasi walioiba kanda, nakiri, lakini wale angalau walikuwa wezi, na mwizi anajua kwamba kitu kina mwenyewe. Hawa wamefuta wakitabasamu, tena wakiamini wanatupa zawadi.

Sikutaka mama ajue. Lakini Birere haina siri, na kijana yule alikwisha kumtangazia kila mtu. Jioni moja mama alikuja kwangu amevaa kitenge chake cha Idi, kajipaka na mafuta. Nywele zote ni nyeupe sasa. Nilimpa kiti akakikataa, akaenda kusimama mlangoni. Ningefanya nini? Nikafungua kompyuta. Vinanda vikalia, herufi zikapanda na kwisha, watu wa chombo wakaanza kuzungumza, naye bado amesimama, shingo kainyoosha.

"Mama, imepita," nilisema.

"Hapana. Amisi bado hajapita."

Nikarudisha. Tukatazama tena, mawe kwa mawe. Ilipofika pale pembeni niliona midomo yake inajiandaa kusema safari njema, kisha ikafunga. Hapo nikashindwa kuendelea kumficha.

"Bamemutosha, mama, bamemufuta. Banasema kule hakukuwa mutu."

Hakulia. Ukumbini kwa Papa Shabani, kwenye mbao na lami, watu waliokosa hata nyumba walimsimamia mumewe. Hapa, kwenye picha safi kuliko zote nilizowahi kuona, hakuwepo wa kusimamiwa. Alikuja polepole mpaka mezani, akaugusa ule moshi kwa kidole, mahali pale mumewe alipokuwa akiingilia.

"Na ile sanduku yao," aliuliza, "nani alibeba?"