Mguu Unaotangulia

Mbung'o waliua farasi wawili wa Mdachi kabla sijaletewa wa tatu. Huyu alikuwa jike jekundu mwenye masikio ya wasiwasi, nami ndiye saisi wake: kumsugua, kumkatia majani, kumfukizia moshi bandani. Boma letu, upande wa Kibiti, lilikuwa dogo, na hapakuwa na mwingine wa kumpanda farasi huyo pindi bwana akishikwa na homa. Akaamua kunifundisha mimi.

Alifundisha kwa mjeledi. Alisimama katikati ya duara la mchanga, mimi nikizunguka, na kila nilipokosea alinipiga mimi, si farasi. Matiti, ule mwendo wa kurukaruka, niliuzoea kwa siku chache. Mwendo uliofuata ndio ulionitoa damu. Una mapigo matatu, kisha kitambo kidogo miguu yote iko hewani, halafu tena. Nilidhani unapatikana kwa kumfukuza mnyama mpaka achanganye mbio. Thubutu! Unakaa, unatulia, unarudisha nyuma mguu wako wa nje, unambana kidogo, unangoja. Yeye mwenyewe hukusanya nguvu za nyuma akainuka.

Katika mwendo huo mguu mmoja wa mbele humtangulia mwenzake. Ukizunguka kulia, sharti utangulie wa kulia. Ukizunguka kushoto, wa kushoto. Ukienda kinyume, mnyama hukosa pa kukanyaga. Bwana alinikataza kuinama kutazama. "Mguu upi unatangulia?" aliuliza ghafla, nami nilipaswa kujibu kwa kile nilichokisikia kiunoni. Mjeledi ulinizoesha kusema kweli kabla sijafikiri.

Jike yule aliuchukia upande wa kushoto. Nikimwomba huko, alirusha mateke na kunibwaga. Bwana alipolala na homa masika nzima, aliniachia kazi ya kumzoeza pande zote mbili. Nilimzoeza kulia tu. Nilikuwa nimechoka kuanguka, basi. Alipopona hakuuliza, nami sikusema.

Wakati huo watu walikuwa wamekinai pamba ya kulazimishwa. Habari za dawa zikatoka Ngarambe: ukinywa maji yale na kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi hugeuka maji. Mlamu wangu, mume wa dada yangu wa pekee, aliyanywa. Alikuwa mkulima wa mpunga Chumbi, mkaidi, mwenye mdomo. "Mlamu, siku hizi umeoa farasi?" alizoea kunichokoza, na mimi nikikasirika yeye hucheka zaidi. Nilimpenda. Dada yangu alinijia hadi nje ya boma akanishika mikono. "Huko ndani wewe ndiye jicho langu, kaka. Nilindie mume wangu."

Asubuhi walipokwenda kuchoma Chumbi, bwana alipanda mwenyewe, mimi nikifuata kwa miguu na askari. Maghala yaliungua na mpunga wake, mbuzi wakilia ndani ya moto. Mzee mmoja alipigwa risasi mlangoni kwake, kopo la udhu bado mkononi. Wanaume wakatoka majanini na mikuki, wakaangushwa mmoja juu ya mwingine, na waliobaki wakatawanyika. Mmoja alikata katikati ya shamba lililokwisha kuvunwa. Nilimjua kwa mbio zake.

Bwana akamfuata, upanga juu. Farasi alikwenda kwa mapigo matatu safi, mguu wa kulia mbele. Naona haya kusema: nilimwona mzuri. Kisha nikapiga kelele kwa Kindengereko, ambacho askari wale wa mbali hawakukijua: "Kata kushoto!"

Mlamu akakata. Bwana akavuta hatamu. Jike akageuka kushoto huku mguu wa kulia ukingali mbele, miguu ikapishana, akapiga bega chini, na mfupa ukalia. Mlamu akazama mateteni.

Bwana aliinuka mkono ukining'inia. Alimtazama farasi, akanitazama mimi.

"Mguu upi ulitangulia?"

"Wa kulia, bwana."

Akaelewa kwamba sikumzoeza kushoto. Alimpiga jike risasi ya sikio, na mimi nikalazwa chini nikala viboko hamsa ishirini kwa uvivu wangu, kisha nikafukuzwa. Kelele yangu hakuna aliyeitaja.

Nilijikokota hadi Ngorongo, walikokimbilia watu wa dada yangu. Nilikuwa nimelala kifudifudi, dada akinipaka mafuta mgongoni, mlamu alipoingia na wenzake.

"Mlamu, hukuona? Farasi wa Mdachi kaanguka nyuma yangu! Hapana shimo, hapana kisiki! Maji hayo!"

Kelele yangu, katika vishindo vile, hakuisikia. Alikata kushoto kwa akili yake tu, au ndivyo alivyoamini. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi, mtumishi wa Mdachi, niliogopa kuwaharibia dawa yao. Nikafunga mdomo.

Siku ya tatu mlamu alitoka mbele ya wote, kifua wazi, akitembea taratibu kuelekea bunduki za askari. Hakuinama hata kidogo. Walimletea dada yangu kipande cha nguo yake.

Maji yalikuwa na mwiko: mpiganaji asilale na mkewe. Lakini mume wake alikuwa amerudi hai, na dada hakumfukuza kitandani. Dada yangu alizeeka akijua kwamba yeye ndiye aliyeiharibu dawa, yeye ndiye aliyemuua. Aliniambia hayo mara nyingi, akilia, tukipepeta mchele. Mdachi aliniuliza mara moja tu, nikamjibu. Dada yangu hakuniuliza, nami sikusema mpaka tukamzika.