Siku Jina la Clement Lilipoitwa Mara Tatu

Jina la mdogo wangu liliitwa mara tatu mlangoni mwa mahakama, Mbeya. Hakuna aliyeitika.

Na alikuwa hai jamani! Saa hiyo hiyo alikuwa kando yangu hapa Ilula, barabarani, ananisaidia kuchambua nyanya kwa mkono mmoja.

Mkono wa pili ulibaki kiwandani Iyunga, kule kule Mbeya.

Naitwa Devota. Haya ninayoandika niliyafanya mwenyewe, kwa hiyo msinionee huruma.

Clement alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mbao. Msumeno haukuwa na kinga, ukamkata mkono wa kulia. Tukawashitaki watu wawili: bosi mwenye kiwanda, na Rabson, wakala aliyempeleka pale.

Rabson hana kitu, hata pikipiki yake ni ya kukodi. Tumaini letu lote lilikuwa kwa bosi.

Mahakama ikamtoa bosi. Eti kibarua ni wa wakala, bosi hahusiki, madai juu yake yametupwa. Kesi ikabaki kati ya Clement na Rabson tu.

Nililia pale pale kwenye korido.

Veneranda, wakili wa msaada wa kisheria aliyekuwa anatuelekeza, akanishika bega.

"Dada Devota, uamuzi huu tutaukatia rufaa. Lakini siyo leo. Kesi haijaisha, Rabson bado yumo. Ikiisha yote, ndipo tunapanda juu, Mahakama Kuu, na hili la bosi humo humo."

"Tusubiri mpaka lini?"

"Mpaka hukumu. Nyie hudhurieni tu."

Sasa mimi ni muuza nyanya. Nyanya ikioza kwenye tenga naitoa hapo hapo, nikisubiri zinaoza zote. Nikaona huyu binti Veneranda anatuchelewesha.

Nikaenda Iringa mjini kwa mzee mmoja anayeandikia watu makaratasi ya mahakamani. Akatuandikia rufaa juu ya bosi, tukaipeleka Mahakama Kuu. Nilijiona mjanja kweli!

Clement akasema, "Dada, lakini tarehe ya Rabson ni Jumanne."

"Kesi imeshapanda juu, huku chini unafuata nini? Kaa, nyanya ziko nyingi."

Hakubishana. Mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea, na neno langu hakuwahi kulivuka.

Ndiyo hiyo Jumanne aliyoitwa mara tatu.

Miezi saba baadaye Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yetu. Jaji alisema taratibu kabisa: mliileta kabla ya wakati wake, kesi ya chini ilikuwa haijaisha.

Tukarudi mbio kule chini kuendelea na Rabson. Karani akafungua jalada.

"Hii ilifutwa siku ile ile mlipoitwa. Hamkutokea."

Nikampigia Veneranda. Akasema polepole.

"Basi siku hiyo ndiyo kesi iliisha yote. Siku hiyo ndiyo mlango wa kumkatia bosi rufaa ulifunguka, dada. Na siku zake zimeshapita. Tunaweza kuomba kuongezewa muda, ila jaji atauliza kwa nini Clement hakutokea. Nimwambie nini?"

Aisee! Sababu ilikuwa mimi.

Tuliomba. Wakatukatalia.

Wiki iliyopita nilikuwa nafua koti la Clement. Kwenye mfuko wa ndani nikakuta karatasi imekunjwa. Tiketi ya basi, Ilula kwenda Mbeya, ya Jumatatu ile. Alikuwa ameshaikata kabla sijamkataza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulisema nyanya ziko nyingi, dada."

Nimelia mpaka leo sijamaliza.

Ndugu zangu, mahakama ikimtoa mshitakiwa mmoja, kesi ya waliobaki haijafa. Nendeni tarehe zote, msubiri iishe, ndipo mkate rufaa. Na wewe unayesikilizwa nyumbani kwenu, kabla hujatoa amri, muulize mwenzio anaonaje, halafu umsikilize.

Tiketi nimeirudisha mfukoni mwake.