Harufu ya Katambuga

Juzi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la fundi pancha hapa Karatu, mara harufu ya mpira unaoungua ikanijia.

Kwetu Nainokanoka asubuhi zilikuwa za ukungu mzito, na baba hakubanduka penye moto. Ugonjwa wa sukari alikuwa nao kwa miaka mingi, na alilalamika kwamba miguu yake ina baridi hata jua likiwaka. Siku moja, nikiwa bado mtoto, aliinyoosha hadi kwenye mafiga, katambuga zake za tairi zikiwa miguuni, akawa anatusimulia habari za dume la ng'ombe lililomshinda ujanani. Katikati ya maneno akanyamaza, akanusa.

"Nani kati yenu ametupa mpira motoni?" akauliza kwa ukali.

Mama aliingia na kibuyu cha maziwa, akakiangusha, akaukamata mguu wa baba na kuuvuta. Soli ilikuwa imeyeyuka, na kisigino kilikuwa kimeungua pamoja nayo.

"Kwani husikii moto?" mama akalia.

Baba aliinama, akautazama mguu ule kwa upole, kama mtu anayeonyeshwa kidonda cha mgeni.

"Sisikii kitu, mama watoto."

Kidonda hakikupona, na mwishowe mguu ulikatwa.

Pale kwenye benchi, kabla sijamtazama fundi alikuwa anachoma nini, nilikuwa nimeshainama kuikagua miguu yangu. Jua lilikuwa kali sana, lakini miguu yangu ilikuwa na baridi.