Asubuhi Tereza Alipolamba Povu

Sisi tuliolelewa kwenye mashamba ya Molo, miaka ya hamsini ikianza, baridi tulizaliwa nayo. Umande uliganda juu ya maua ya pareto, nasi tukaukanyaga miguu mitupu, tukicheka huku meno yakigongana. Viazi vya kuchoma tuliviweka mfukoni kwanza vitupashe moto; tumbo lingesubiri. Leo wajukuu wangu wanavaa soksi mbilimbili na bado wanataka kubebwa hadi langoni.

Siku ya Komunyo ilikuwa na mtihani wake. Niwaeleze ninyi mlioikuta sheria ya kufunga kabla ya Komunyo imelegezwa: kuanzia saa sita usiku hukutia kitu kinywani, hata maji. Na padre alifika kwetu mara chache kwa mwaka, akisoma Misa kwenye banda la kukaushia pareto. Ukikosa, unangoja miezi.

Dada yangu Tereza alikuwa amesoma katekisimu mwaka mzima apate Komunyo ya kwanza. Mama alimshonea gauni kwa mifuko ya unga, akalifua mpaka maandishi yakafifia. Asubuhi hiyo Tereza alimsaidia Baba kukamua ng'ombe wa mzungu mwenye shamba, kama kawaida. Sasa, sisi watoto wa wakamuaji tulikuwa na desturi: ndoo ikijaa, unachovya kidole kwenye povu na kulamba. Hiyo ndiyo ilikuwa chai yetu ya kwanza. Kidole kikajiendea chenyewe.

Njiani kwenda Misa, Tereza akasimama ghafla. "Mama, nimelamba povu."

Kaka yetu Petro akaangua kicheko. "Wewe! Katekisimu yote umeiteremsha na maziwa!"

"Petro, funga mdomo," Mama akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwona. Gauni lilikuwa tayari, na shangazi alikuwa ametoka Gilgil kwa treni kuja kumshangilia.

"Nikimwambia padre, atanikatalia?"

"Atakukatalia, mwanangu. Mwambie tu. Mungu hahami Molo."

Akamwambia. Wenzake walipopiga magoti mbele, yeye alibaki kando ya shangazi, kamasi zikimtoka, akiimba kuwashinda wote. Padre aliporudi, gauni lilikuwa limepanda juu ya magoti. Mama aliliongezea kipande cha mfuko ambacho maandishi yake yalikataa kutoka, na Tereza akapokea Komunyo kwa tabasamu, amevaa jina la unga kwenye pindo.

Siku hizi tunafunga saa moja tu, na bado namwona kijana akimalizia mandazi mlangoni pa kanisa huku akitazama saa. Simlaumu, Kanisa ni mama, limetuhurumia. Ila Tereza amezika mume, amezika na mtoto, na nikimuuliza anasimamaje, hujibu kama anayenielekeza njia ya sokoni: "Nilianza kumngoja Mungu nikiwa mdogo, tena na njaa. Hajawahi kukosa kuja."

Ninawatazama wajukuu wetu wakikasirika simu ikichelewa kuwaka. Tumewafupishia kila safari, watoto wa watu. Sijui watajifunzia wapi kungoja.