Wekundu wa Samoni

Harufu ya ndimu kwenye samaki hunirudisha jikoni kwetu Alum Rock, huko ughaibuni, siku mama aliponunua samoni kwa mara ya kwanza.

"Huyu wamemtia rangi," alisema akiutazama wekundu wake. "Wanangu hawalishwi rangi."

Akamsugua kwa unga na ndimu, akamwosha mara tatu. Vidole vikamfa ganzi, samaki akabaki na wekundu wake. Basi akampika kwa nazi, akaonja peke yake.

"Subirini kwanza," akatuambia. "Wa kudhurika niwe mimi."

Tukakaa na njaa yetu tukimtazama anavyopumua, mpaka akacheka, akatupakulia. Alhamdulillahi, sijala tena samaki mtamu vile.

Leo nimepika samoni, nimeonja, nimeweka kijiko chini. Binti yangu ananiuliza kwa Kiingereza mbona hatuli.

"Subiri kwanza," namwambia.