Mistari Miwili Katika Damu ya Jirani

Siku zile nilikuwa naosha chupa katika maabara ya hospitali hapa Nakuru. Palikuwa na kibomba kidogo cha shaba ambacho daktari alikiita spektroskopu. Ukikielekeza dirishani, mwanga unapasuka na kuwa rangi za upinde wa mvua. Nilichungulia kila nikipata nafasi.

"Toa jicho hapo, kijana," daktari alinitania, "utamaliza rangi zangu."

Halafu ikaja ile Julai ya baridi. Jirani yetu wa Bondeni, mtu wa reli, alitoka zamu ya usiku akiwa na homa. Mkewe akampikia uji, kisha akambeba mtoto wao, akaenda sokoni kuuza viazi. Aliporudi alimkuta amekufa kitandani.

"Amemtilia mwanangu sumu kwenye uji!" mama mkwe alipiga kelele mtaa mzima. Polisi wakamchukua yule mjane, mtoto mgongoni.

Damu ya marehemu ililetwa kwetu maabara. Daktari akanichoma kidole na mimi.

"Tulinganishe na ya mtu aliye hai."

Akazichanganya na maji, kila moja chupa yake, akanipa kibomba. Katika zote mbili niliona mistari miwili myeusi, kati ya manjano na kijani. Akatia dawa inayonuka kama yai bovu. Mistari yangu ikaungana ikawa mmoja mpana. Ya marehemu ikabaki miwili vile vile.

"Si uji," daktari akasema. "Ni hewa ya makaa. Ikishika damu haiachilii upesi."

Siku mjane alipoachiliwa nilimngoja nje ya kituo cha polisi, nimejaa furaha.

"Mama, si sumu! Ni jiko tu!"

Akasimama. "Jiko gani?"

"La makaa. Hewa yake."

"Nililiingiza mimi, ndugu yangu. Alisema anasikia baridi. Nililiacha nje mpaka moshi ukaisha kabisa, makaa yakawa mekundu safi. Hata chini ya mlango niliziba kwa gunia, asipigwe na upepo."

Hivyo ndivyo sisi sote tulivyofanya Bondeni. Moshi ukiisha, tulijua jiko halina neno. Nikamsindikiza nyumbani.

Tulifika kwake mvua ikianza. Jirani mmoja mwenye huruma alikuwa amemwashia jiko, akaliweka katikati ya chumba, jekundu, bila moshi.

Mama hakuingia. Nililitoa jiko, nikafungua dirisha na mlango wazi kabisa, nikamwita. Alibaki pale uani na mtoto, mvua ikiwanyeshea.